Kumrudi Mtu au Kumcharaza: Askari Achague Neno

Kiswahili ni lugha tajiri, na katika jambo la kumpiga mtu utajiri huo umepita kiasi. Twasema kuchapa, kucharaza, kutandika, kutwanga, kukung'uta. Twasema pia kumtia adabu, kumwadabisha, kumrudi. Vyombo vya kazi hiyo navyo vina majina tele: fimbo, bakora, henzirani, mjeledi, kiboko. Mwalimu wa lugha atayapanga maneno hayo katika safu moja na kuyaita visawe. Sisi twasema kwamba kwa askari na polisi maneno hayo si sawa hata kidogo, na anayeyachanganya huichafua sare aliyovaa.

Hebu tuyapambanue. Kuchapa na kucharaza hutaja tendo lenyewe: fimbo imeinuka, fimbo imeshuka. Kutandika, kutwanga na kukung'uta ni maneno ya kazi za nyumbani. Kitanda hutandikwa, nafaka hutwangwa, mkeka hukung'utwa vumbi. Msemaji akiyatumia kwa binadamu, humgeuza yule binadamu kuwa kitu, na wasikilizaji hucheka. Fungu la tatu ndilo la hatari zaidi. Kumrudi mtu ni kumkosoa ili arejee katika njia njema. Kumtia adabu ni kumfunza. Maneno hayo hayasemi tu kwamba mtu alipigwa. Yanasema kwamba alistahili, na kwamba aliyempiga alikuwa mzazi wake au mwalimu wake. Kesi imekwisha katika kitenzi, kabla hakimu hajafungua jalada.

Sisi wa Rusizi, iliyokuwa ikiitwa Cyangugu, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 1898 Wajerumani waliweka kituo chao Shangi, kando ya Ziwa Kivu, na askari wao walikuja na Kiswahili midomoni na kiboko mikononi. Amri ya Ujerumani ya mwaka 1896 iliweka kipimo cha viboko 25 kwa mara moja. Kipimo hicho kiliingia katika lugha ya watu wa Afrika ya Mashariki kwa jina la "hamsa ishirini", hata mtu aliposema "amekula hamsa ishirini" hakuulizwa hamsa ishirini za nini. Mkoloni alikuwa amepata neno safi la hesabu la kufunikia damu ya migongoni. Wabelgiji walipoiteka nchi mwaka 1916 hawakukitupa kiboko. Kiliendelea kulia katika kazi za lazima za barabara na mashamba.

Tazama basi alama iliyobaki katika lugha. Kwa Kiswahili, kiboko ni kwanza yule mnyama wa majini, kisha ni mjeledi uliokatwa katika ngozi yake. Kinyarwanda kilikuwa na jina lake la mnyama huyo, imvubu, nacho hakikuhitaji jingine. Kilichokosa ni jina la chombo kile kipya cha mateso, ndipo kikaazima: ikiboko. Neno lilivuka likamwacha mnyama nyuma. Wazee wetu hawakulipokea kutoka kwa mshairi wala mfanyabiashara; walilipokea kutoka kwa mtu mwenye sare. Hilo ndilo jambo ambalo kila askari wa leo azungumzaye Kiswahili yampasa kulikumbuka, hasa tangu mwaka 2017 lugha hii ilipofanywa kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Lugha iliyoingia na kiboko sasa yatakiwa kuingia na haki.

Yako maoni yasemayo kwamba haya ni mambo ya wanafunzi wa sarufi, na kwamba mhalifu sugu haelewi lugha nyingine ila fimbo. Twajibu hivi. Mtu aliyecharazwa husema lolote litakalosimamisha fimbo. Husema la kweli, husema la uongo, hata hutaja jina la jirani asiye na hatia. Polisi hurudi kituoni akidhani amepata mwizi, kumbe amepata maneno tu, na mwizi wa kweli angali anatembea. Zaidi ya hayo, sheria imekwisha sema. Katiba ya Rwanda inakataza kumtesa mtu au kumtendea kwa ukatili na kwa kumdhalilisha, na mwaka 2008 Rwanda ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji. Katiba haikuandika kwamba kupiga kumekatazwa lakini kutia adabu kumeruhusiwa.

Hapo ndipo uzito wa kitenzi unapoonekana. Askari anayeandika katika taarifa yake, "mtuhumiwa alitiwa adabu", ameandika sentensi isiyo na mtenda, isiyo na chombo, isiyo na jeraha. Mkubwa wake akiisoma hataona la kuuliza. Lakini aandike, "Nilimchapa mtuhumiwa kwa fimbo mgongoni, akiwa amefungwa mikono." Kalamu itamtetemeka mkononi, na huo mtetemeko ndio dhamiri ikifanya kazi. Afadhali utokee kabla ya tendo kuliko mbele ya mahakama.

Ndugu askari, hatuombi lugha ifukuze maneno yake. Mzee na aendelee kusema amemrudi mjukuu wake kwa kumkanya, na timu ya mpira iliyofungwa mabao mengi na iambiwe imetandikwa. Twaomba jambo moja tu: unapomshika raia aliye mikononi mwako, usiazime kitenzi cha mzazi kwa kuwa wewe si mzazi wake, wala kitenzi cha mtwangaji kwa kuwa yeye si mtama. Tumia kitenzi kinachotaja tendo lako waziwazi. Kama huwezi kukiandika na kutia sahihi chini yake, basi tendo hilo usilitende.