Mama anapoomba siku moja awe peke yake

Katika nyumba nyingi, siku ya kuzaliwa ya mama huisha kwa mama huyohuyo kuosha sahani zilizoliwa keki. Asubuhi watoto wanammwagia maji, mchana anapika pilau la wageni waliokuja kumpongeza, usiku anafagia sebule. Kesho yake anaamka amechoka kuliko jana, na hawezi kulalamika kwa sababu wote walimfurahia.

Sasa chukua mfano wa mama mwenye watoto wawili, mkazi wa Tegeta, anayetimiza miaka 38. Mwaka huu anaiambia familia yake kwamba hataki keki wala wageni. Anataka Jumamosi moja aende Bagamoyo peke yake, atembee kwa miguu, apige kasia baharini, ale anachokipenda, kisha arudi jioni.

Maswali yanaanza. Mume anauliza, "Na nani?" Mama mkwe anauliza, "Kwani hapa nyumbani kumekosekana nini?" La mtoto mdogo ndilo gumu kuliko yote: "Mama, umetukasirikia?"

Mtoto ndiye wa kujibiwa kwanza, tena kwa ukweli: "Hapana, mwanangu. Mama amechoka, anakwenda kupumzika, na jioni nitakuwa hapa." Anayejibiwa hivyo anajifunza kwamba uchovu si hasira, na kwamba mtu anaweza kuondoka na kurudi akiwa bado anakupenda. Anayeachwa bila maelezo hujitungia yake, na mara nyingi hujilaumu.

Uchovu wa malezi upo

Watafiti wawili wa Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, wamekuwa wakichunguza hali inayoweza kuitwa uchovu mkali wa malezi. Huu si uchovu wa siku moja. Mzazi huamka akiwa tayari amechoka, huwahudumia watoto kama mashine bila ukaribu wa moyo, haoni tena raha ya kuwa mzazi, na akijitazama hamwoni yule mzazi aliyekuwa zamani.

Mwaka 2021 wao na wenzao walichapisha utafiti uliohusisha wazazi zaidi ya 17,000 katika nchi 42. Hali hiyo ilionekana zaidi katika jamii ambazo kila mtu hujitegemea kivyake. Wahenga walishasema mkono mmoja haulei mwana. Lakini familia iliyohamia nyumba ya kupanga mjini, mbali na bibi, shangazi na majirani wa miaka mingi, inaweza kujikuta inalea kwa mkono huo mmoja bila kutambua.

Kwa nini Bagamoyo

Mji huu uko kama kilomita 70 kaskazini mwa katikati ya Dar es Salaam. Mtu anaweza kwenda kwa daladala na kurudi siku hiyohiyo bila kulipia chumba. Katika karne ya 19 ndipo misafara ya kutoka bara ilipofikia pwani. Wapo wanaolihusisha jina lake na wapagazi waliobwaga mizigo na kutuliza moyo baada ya miezi ya kutembea, na wapo wanaolihusisha na watumwa waliokata tamaa ya kurudi kwao. Anayepita Caravan Serai, au makumbusho ya misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, hukutana na historia hiyo nzito.

Kwa matembezi, njia nzuri ni ya kwenda magofu ya Kaole, kama kilomita tano kusini mwa mji. Huko kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 13, makaburi ya mawe na mbuyu mkubwa. Kwa mwendo wa haraka kiasi, kwenda ni kama saa moja, na kwenda na kurudi ni kama dakika 120. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Nusu saa ya kupiga kasia inakamilisha hesabu hiyo, na mwili hauulizi kama dakika zimepatikana jimu au kwenye barabara yenye minazi.

Njia hii itembewe asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa viatu vilivyozoeleka, kofia na maji ya kunywa. Kwa anayetembea peke yake, hasa mwanamke, ni vizuri kuchukua mwongoza watalii wa mjini hapo.

Baharini, "peke yako" ina mipaka

Kayaki ni chombo chepesi cha kupiga kasia, cha mtu mmoja au wawili. Hata asiyewahi kushika kasia anaweza kujifunza mambo ya msingi kwa muda mfupi. Sehemu tulivu, karibu na mikoko na chini ya uangalizi wa wenyeji, ndiyo inayomfaa anayeanza. Mdomo wa Mto Ruvu, kaskazini mwa mji, una viboko na mamba. Huko si pa kwenda na kayaki peke yako.

Kabla ya kuingia majini, mtu aulize mambo mawili: maji na upepo. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya wiki iliyopita haisaidii. Wakati wa bamvua, maji ya Bagamoyo hupwa mbali sana. Aliyetoka yakiwa yamejaa anaweza kurudi akakuta tope la kuburuta chombo. Upepo nao kwa kawaida huongezeka mchana, na ule unaovuma kutoka nchi kavu ndio wa kuogopwa zaidi, maana huisukuma kayaki mbali na ufukwe.

Jaketi la kujiokolea livaliwe na kufungwa, si kuwekwa miguuni, hata kwa anayejua kuogelea. Kayaki ikipinduka, mtu aishike asiiache: inaelea, na inaonekana kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu. Pombe isubiri mpaka shughuli za maji ziishe. Mwenye kifafa, mjamzito au mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa azungumze na daktari kabla ya kupanga safari hii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Basi awepo mtu ufukweni anayekuona na anayejua unatarajiwa kurudi saa ngapi.

Nyumbani nako kuna kazi

Siku hii inaweza kuharibiwa hata kabla ya Jumamosi. Mama akikesha Ijumaa akipika chakula cha siku mbili, kupiga pasi nguo na kuandika maelekezo ya kurasa tatu, hajapumzika. Amezihamisha kazi tu. Anayebaki na abaki kweli, apike yeye, aogeshe yeye. Kumwachia dada wa kazi kila kitu na kukaa mbele ya televisheni si kubaki na watoto.

Simu nayo iwekewe utaratibu. Mama atume ujumbe mara tatu: akifika, akitoka majini na akianza safari ya kurudi. Hiyo inajibu swali la usalama, na inampa mume utulivu bila kumfanya mlinzi. Nyumbani nao wapige kwa dharura tu. Mtoto mwenye homa ni dharura, soksi zisizoonekana si dharura.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na baba anayebaki huanza kuuhisi uzito wake kufikia saa sita mchana, wakati mmoja amemwaga uji, mwingine analia na maji ya bombani yamekatika. Somo hilo halipatikani kwa kuambiwa.

Kipande cha kwanza

Mchana, mama yetu wa mfano amekaa kwenye kibanda karibu na ufukwe. Ameagiza samaki wa kuchoma, pweza na dafu, na baadaye kaimati chache. Hakuna wa kumtolea miiba. Anakula sehemu ya katikati ya samaki, ile ambayo kwa miaka kadhaa amekuwa akiwapa wengine. Akitaka kuwabebea kaimati waliobaki, ni upendo wake. Asipobeba, hana deni.

Wapo watakaosema hii ni starehe ya wenye nazo. Kukodi kayaki kuna gharama, na si kila familia inaimudu. Lakini kutembea hadi Kaole na kurudi hakuhitaji chombo, na hata ufukwe ulio karibu na nyumbani unatosha. Kigumu zaidi kupatikana ni hizo saa kumi za mtu mwingine kushika nyumba. Na baba naye huchoka. Siku yake ikifika, zamu igeuke.

Siku moja ina kikomo chake pia. Kama huzuni, kukosa usingizi au kutofurahia chochote kumedumu wiki mbili au zaidi, hilo si la Bagamoyo kulitibu. Mzazi huyo aende kituo cha afya aeleze kama anavyoeleza maumivu ya tumbo. Akiwa na mawazo ya kujidhuru au kuwadhuru watoto, asibaki peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo.

Kwa wengine, hakuna haja ya kusubiri mwenzako aombe. Leo jioni, watoto wakishalala, muulize: "Jumamosi gani nibaki nao mimi?" Kisha iandikeni kwenye kalenda.