Biashara ya anga: Shangwe hazijageuka gawio

Wafanyabiashara wa hisa mjini New York waliamka Jumatatu ya Julai 12, 2021 wakiwa na kila sababu ya kutarajia bei nzuri. Siku iliyotangulia, tajiri wa Kiingereza, Bw. Richard Branson, alipanda chombo cha kampuni yake ya Virgin Galactic, akafika kimo cha kilometa 86 juu ya jangwa la New Mexico, akaelea bila uzito kwa dakika chache na kurudi salama. Televisheni za dunia nzima zilionyesha safari hiyo.

Hadi soko lilipofungwa jioni, hisa za kampuni hiyo zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 17.

Chombo hakikuwa na hitilafu yoyote. Kilichotokea ni kwamba asubuhi hiyo kampuni ilitangaza nia ya kuuza hisa mpya zenye thamani ya hadi dola milioni 500. Yaani shangwe za Jumapili zilipelekwa mnadani Jumatatu, na wenye hisa wa zamani wakaona fungu lao katika kampuni linapunguzwa.

Tukio hilo linafaa kuangaliwa kwa makini na mwekezaji mdogo anayevutiwa na habari za safari binafsi za anga, kwa sababu linajibu swali ambalo magazeti mengi hayaliulizi: katika biashara hii, ni nani hasa anayetoa fedha?

Msisimko wenyewe una umri sasa. Mwaka 2001 Mmarekani Dennis Tito alilipia safari yake kwa Warusi hadi kituo cha kimataifa cha anga. Oktoba 4, 2004 chombo kidogo cha SpaceShipOne, kilichobuniwa na Burt Rutan na kugharimiwa na Paul Allen wa Microsoft, kilijinyakulia zawadi ya dola milioni 10 baada ya kupita kimo cha kilometa 100 mara mbili ndani ya wiki mbili. Bw. Branson alikuwa amekwisha kuunda Virgin Galactic na kutangaza nauli ya dola 200,000, akitarajia abiria wa kwanza waondoke mwaka 2007.

Abiria wa kwanza wa kulipa waliondoka Juni 29, 2023, miaka 16 baada ya tarehe hiyo. Katikati kulikuwa na ajali ya Oktoba 31, 2014 iliyomuua rubani msaidizi Michael Alsbury, na ucheleweshaji mwingine mwingi. Ucheleweshaji si dhambi. Kuunda chombo cha kubeba watu ni kazi ngumu, na ni heri kuchelewa kuliko kuzika. Lakini mfanyabiashara wa kawaida, awe wa nguo au wa mahindi, angekuwa amefunga duka mapema sana kama mzigo wake ungechelewa miaka 16. Virgin Galactic haikufunga kwa sababu mtaji wake haukutoka kwa abiria.

Oktoba 2019 kampuni iliingia katika Soko la Hisa la New York kupitia mlango wa nyuma. Iliungana na kampuni tupu iliyokwisha kuorodheshwa, yenye fedha za wawekezaji lakini isiyo na biashara yoyote. Kufikia Februari 2021 hisa ambayo ilianza kwa karibu dola 12 ilikuwa inakaribia dola 60. Walionunua hawakuwa wakiangalia mizania, maana mizania haikuwa na cha kuangaliwa. Kwa mwaka 2021 wote mapato yalikuwa kama dola milioni 3 na hasara dola milioni 353. Mwaka 2022 mapato yalikuwa dola milioni 2 na hasara dola milioni 500. Hata mwaka 2023, ambao abiria walianza kusafiri, mapato hayakuzidi dola milioni 7, na hasara ikawa dola milioni 502.

Mfanyabiashara yeyote anaweza kufanya hesabu hiyo bila kalamu. Mamia ya mamilioni yaliyoteketea yalitoka kwa wanunuzi wa hisa. Hao ndio abiria waliolipa nauli kubwa kuliko wote, na hawakupanda.

Wenye kampuni nao hawakukaa na hisa zao kama walivyokaa wadogo. Machi 2021 Bw. Chamath Palihapitiya, aliyeiingiza kampuni sokoni, aliuza hisa zake binafsi na kupata zaidi ya dola milioni 200. Bw. Branson aliuza za dola milioni 150 hivi mwezi Aprili, za karibu dola milioni 300 mwezi Agosti, na nyingine za karibu kiasi hicho mwezi Novemba. Alieleza kuwa fedha hizo zilihitajika katika biashara zake za usafiri na starehe zilizoumizwa na korona. Ni haki yake kisheria, na mauzo yote yalitangazwa. Hata hivyo, mwenye duka akiwa anaondoa bidhaa zake kwa mlango wa nyuma, anayeingia kwa mlango wa mbele anapaswa angalau kuuliza. Desemba 2023 Bw. Branson aliliambia gazeti la Financial Times kuwa himaya yake haitatia fedha zaidi katika kampuni hiyo.

Walipa kodi wa New Mexico nao wamo katika orodha ya waliogharimia. Uwanja wa Spaceport America ulijengwa kwa zaidi ya dola milioni 200 za umma, na wakazi wa wilaya mbili za jirani walikubali kwa kura kuongezewa kodi ya mauzo.

Watetezi wa biashara hii husema kuwa hata ndege zilianza kwa hasara, na kwamba binadamu hatafika Mirihi kama kila mtu atasubiri gawio. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau historia yake yenyewe. Mashirika ya ndege ya Marekani ya miaka ya 1920 yalisimama kwa kubeba barua za serikali. Abiria walifuata baadaye.

SpaceX ya Bw. Elon Musk ilipita njia hiyo hiyo. Roketi zake tatu za kwanza zilishindwa, ya nne ikafaulu Septemba 2008, na Desemba mwaka huo shirika la serikali la NASA likaipa mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo mara 12 katika kituo cha anga. Mzigo ulikuwapo, na mlipaji alikuwapo. Wakenya wenyewe ni mashahidi: setilaiti yao Taifa-1 ilirushwa na roketi ya SpaceX kutoka California Aprili 15, 2023, ikiwa mzigo mmoja kati ya mingi iliyopakiwa pamoja. Hiyo ni biashara ya uchukuzi ambayo dalali yeyote wa Kariakoo anaielewa. Kinachochekesha kidogo ni kwamba kampuni hiyo, kwa zaidi ya miaka 20 tangu ianzishwe mwaka 2002, haikuuza hisa zake kwa umma. Yenye mzigo ilibaki kwa wakubwa. Yenye picha nzuri za televisheni ndiyo iliyofunguliwa kwa wadogo.

Juni 2024 Virgin Galactic ilikistaafisha chombo chake cha Unity ili ijenge vingine vya aina ya Delta, ambavyo ilisema vitaanza kuchukua abiria mwaka 2026. Mwezi huo huo, hisa yake ikiwa imeshuka chini ya dola moja, iliunganisha kila hisa 20 kuwa moja. Aliyenunua hisa 100 kwa dola 50 kila moja wakati wa shangwe za Februari 2021 aliweka dola 5,000. Siku ya kuunganishwa alikuwa na hisa tano, na thamani yake yote haikufika dola 100.