Betri Msiisingizie
Mwenye pikipiki ya Triumph Bonneville ya mwaka 1968 akiona taa zinafifia, hukimbilia kununua betri. Haraka ya nini? Apime kwanza kwa mita: betri nzima ya volti 12, iliyotulia, husoma karibu 12.6, na injini ikiongezwa kasi, mita inapaswa kuvuka 13.5. Isipopanda, afuate nyaya kutoka kwenye koili za alteneta, akague kutu kwenye viungo, hasa pale waya unapofungwa kwenye fremu. Hapo ndipo wengi huunguza vifaa, maana pikipiki hizo za Uingereza zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye fremu, si hasi kama za Kijapani. Ukigeuza betri, rektifaya inaweza kuungua papo hapo. Betri mpya inunuliwe mwisho.