Nunda Hana Mwenyewe

Katika masoko ya mtandaoni ya wachoraji, khasa wa Marekani na Ulaya, huuzwa chui wasiokuwako duniani. Mmoja ana pembe za kulungu na mkia wa tausi. Mwengine ni simba aliyeota mbawa, madoa yake yakiwaka gizani kama vimulimuli. Mnunuzi hapokei mnyama wala ngozi. Hupokea picha, pamoja na haki ya kusema kwamba chui huyu ni wake: ampe jina, amtungie visa, awape wachoraji wengine wamchore tena. Wenyewe huiita biashara hiyo kuasili, kana kwamba chui ni yatima aliyekuwa akingoja wazee.

Wanaoicheka kazi hii wanakosea. Tangu jukwaa la DeviantArt lilipofunguliwa mwaka 2000, vijana wasiopata kukanyaga skuli ya sanaa wamejifunza humo namna bega la chui linavyopanda anaponyatia, na namna uti wa mgongo unavyojikunja anapokimbia. Picha ikikamilika hutiwa mnadani: hutajwa bei ya kuanzia, kiwango cha chini cha kuongeza, na bei ya juu ambayo atakayeitoa humaliza mnada papo hapo. Aliyelipa hupewa picha safi, isiyopitishiwa alama ya kuzuia wizi. Mchoraji katoka jasho, kauza, kalipwa. Hapo hapana la kulaumiwa.

Lawama huanza pale anapoacha kuuza picha akaanza kuuza spishi nzima. Huiita spishi iliyofungwa. Hutangaza kwamba paka mkubwa wa macho manne, tuseme, mwenye manyoya kama ukungu, ni wake yeye peke yake, na kwamba hapana ruhusa ya kumbuni paka wa namna hiyo ila kwa kumnunua kwake, au kwa kununua tiketi ya kubuni mmoja. Viungo navyo hupangwa kwa madaraja: masikio mafupi ni ya kila mtu, pembe ni adimu, mbawa ni za waliolipa zaidi. Wanunuzi huandikwa katika daftari kuu, mfano wa masharifu na nasaba zao. Asiyeandikwa, akachora, huitwa mwizi, jina lake likatangazwa na akafukuzwa barazani. Hata akiwa ni mtoto wa miaka 13 aliyempenda yule paka akamchora pembezoni mwa daftari lake la hesabu.

Mwizi wa nini? Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, katika kifungu chake cha 9, unasema kwamba hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, wala si wazo lenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 ilikwisha kusema hivyo kabla yake. Picha ya chui mwenye pembe ni mali ya aliyeichora, na anayeinakili ni mwizi kwelikweli. Hata mhusika mmoja aliyekamilika, mwenye sura na alama zake mahususi, aweza kulindwa. Lakini chui kuwa na pembe, hilo si mali ya mtu. Masharti ya muuzaji humfunga aliyekubaliana naye. Mpita njia hayamhusu.

Na hao waasisi, wao walimwomba nani ruhusa? Mwili wa simba wenye kichwa cha mtu ulichongwa Misri, simba wa mbawa walilinda milango ya wafalme wa Ashuru, na yale meno marefu kama majambia ni ya Smilodon, ambaye mifupa yake imefukuliwa katika lami ya Rancho La Brea, Los Angeles.

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London ngano alizosimuliwa Unguja, na miongoni mwazo imo ya Sultani Majinuni. Paka wa sultani akawa anakula mifugo. Watu wakienda kushitaki, jawabu la sultani ni la miliki: paka ni wake, na kilicholiwa ni chake. Hakukiri kwamba yule si paka tena, bali ni nunda mla watu, mpaka walipoliwa wanawe mwenyewe. Mdogo wao aliyesalia akaingia mwituni kumsaka, na kila akirudi na mnyama aliyemuua, mama yake humwambia siye huyo. Nunda huyo hakuwa na daftari. Kila bibi aliyeisimulia ngano hiyo alikuwa huru kumwongeza kimo na kumrefusha kucha, na hapana aliyemdai ada.

Watetezi husema kwamba kufunga spishi ndiko kumlishako mchoraji, maana bila ya uadimu hapana bei. Uadimu upo tayari: ni mkono wake. Ule wa pili, unaopatikana kwa kuwakataza wengine, hutaka kulindwa usiku na mchana, na mlinzi ni mchoraji yule yule, anayemaliza saa zake kukagua michoro ya watu badala ya kuchora yake. Tena unamharibia kesi iliyo kubwa zaidi. Mwaka 2022 lilitolewa kusanyo la LAION-5B, lenye viungo vya picha zaidi ya bilioni 5 zilizokusanywa mtandaoni, na mashine za kuzalisha picha zikafunzwa kwa makusanyo ya namna hiyo. Januari 2023 wachoraji walifungua kesi California dhidi ya Stability AI, Midjourney na DeviantArt yenyewe. Malalamiko yao ni ya picha hasa, kazi zilizochukuliwa bila ya ridhaa. Aliyekwisha kumwita mtoto mwizi kwa sababu ya jozi ya pembe atasikilizwaje anapolia kwamba picha zake elfu zimemezwa?

Wapo walioziacha spishi zao wazi, kila apendaye akachora. Mnunuzi anayetaka paka aliyetoka katika mkono wa muasisi mwenyewe bado hana pa kumpata ila kwake.