Kagera na pengo la walimu wa michezo kwa wanafunzi wenye ulemavu

Na Mwandishi Wetu

FILIMBI ya mwalimu wa michezo inapolia katika uwanja wa shule, wanafunzi hukimbilia kwenye mstari. Kwa mwanafunzi kiziwi, filimbi hiyo haikulia. Kwa mwenye uoni hafifu, mpira unaorushwa ni kivuli kinachopita. Kwa mwenye ualbino, kipindi kilichopangwa saa 6 mchana ni hatari kwa ngozi yake. Mwalimu ambaye hakufundishwa la kufanya huchagua njia anayoiona kuwa ya huruma: huwaambia wanafunzi hao wakae chini ya mti, walinde nguo za wenzao.

Huruma hiyo ndiyo inayowanyima watoto hao somo ambalo ni haki yao kisheria. Katika Mkoa wa Kagera, hususan Bukoba na Muleba, suala hili linastahili kuangaliwa sasa kuliko wakati mwingine wowote.

Mambo mawili yanalifanya kuwa la sasa. Kwanza, mtaala mpya uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ulioanza kutumika Januari 2024, umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi yake katika shule za msingi. Pili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeamua kujenga Kampasi ya Kagera katika eneo la Itahwa, Kata ya Karabagaine, Bukoba, chini ya Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET). Mkoa wenye watu karibu milioni 3 kwa sensa ya mwaka 2022, ambao umejivunia shule kama Ihungo, Nyakato na Rugambwa, una kila sababu ya kusema unataka kampasi hiyo ifundishe nini.

Bukoba si mgeni katika elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Shule ya Msingi Mugeza Mseto, katika Manispaa ya Bukoba, imekuwa ikiwalea na kuwafundisha pamoja wanafunzi wasioona, wenye ualbino, wenye ulemavu mwingine na wasio na ulemavu. Wilaya jirani ya Muleba ina zaidi ya watu 600,000, na baadhi yao wanaishi katika visiwa vya Ziwa Victoria kama Bumbire, Ikuza na Goziba, ambako mtoto mwenye ulemavu husoma katika shule ya kawaida au hasomi kabisa.

Muleba pia ina jeraha ambalo halijapona. Mwishoni mwa Mei 2024, mtoto wa kike wa miaka miwili mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao Kamachumu, na mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana ukiwa umekatwa viungo. Baada ya tukio la namna hiyo, mzazi yeyote mwenye mtoto wa aina hiyo humfungia ndani, au humpeleka bweni lenye uzio. Hapana wa kumlaumu. Lakini ikumbukwe kwamba mtoto anayeishi ndani ya uzio hana uwanja mwingine wa kukimbia isipokuwa ule wa shule, na hana mtu mwingine wa kumfundisha kucheza isipokuwa mwalimu.

Swali la kujiuliza ni je, mwalimu huyo anaandaliwa wapi?

Kwa muda mrefu nchi yetu imewaandaa walimu kwa njia mbili zinazokwenda sambamba bila kukutana. Ya kwanza ni ya elimu maalumu. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, ndicho kinachofahamika zaidi kwa kazi hiyo, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kimekuwa kikitoa shahada ya elimu maalumu. Ya pili ni ya michezo, ambako kuna Chuo cha Ualimu Butimba na Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, vyote mkoani Mwanza, pamoja na idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mhitimu wa njia ya kwanza anajua nukta nundu na lugha ya alama, lakini si lazima ajue jinsi ya kupanga mazoezi ya mwili. Mhitimu wa njia ya pili anajua mazoezi, lakini si lazima ajue jinsi ya kumweleza mtoto asiyeona namna mkono unavyorusha tufe. Mwanafunzi mwenye ulemavu yuko katikati, na katikati hapo pana pengo.

Pengo hilo si la nadharia. Baadhi ya watoto wenye hali iitwayo Down wana ulegevu katika viungo vya juu vya shingo, na mwalimu asiyejua anaweza kuwaamuru kubingirika kwa kichwa kama wenzao, bila daktari kuwachunguza kwanza. Kinyume chake, mwenye kifafa hukatazwa kila mchezo, ilhali wengi ambao ugonjwa wao umedhibitiwa kwa dawa wanaweza kucheza, mradi wasipande juu wala kuogelea bila mtu wa kuwaangalia. Mtoto wa kwanza amehatarishwa na wa pili amenyimwa, na yote mawili yametokana na mwalimu kutofundishwa.

Wenzetu walilitambua hili zamani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu ilitaja elimu ya viungo kwa jina, ndani ya tafsiri yenyewe ya elimu maalumu, na vyuo vikuu vikalazimika kuandaa wataalamu. Barani Ulaya, shahada ya uzamili katika fani hiyo ilianzishwa mwaka 1991 kwa ushirikiano wa vyuo vya nchi kadhaa, kitovu chake kikiwa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji.

Kwa upande wetu, sheria haikosekani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wenzao, ikiwamo shuleni. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Kinachokosekana ni mtu wa kuitekeleza uwanjani.

Wapo watakaosema kwamba shule zenye upungufu wa madarasa na walimu haziwezi kuzungumzia uzamili wa michezo. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba utaalamu huu ndio unaopunguza gharama. Bendera ya rangi kali huchukua nafasi ya filimbi kwa viziwi. Kamba iliyofungwa baina ya miti miwili humwezesha asiyeona kukimbia peke yake. Kuhamishia kipindi saa 2 asubuhi, pamoja na kofia pana na mikono mirefu, humkinga mwenye ualbino, na hakuna fedha ya wafadhili inayohitajika kwa hilo.

Mpira wa goli nao unafundisha jambo. Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofushwa na vita. Timu za watu watatu watatu hufungwa vitambaa machoni na kuufuata mpira wenye kengele kwa masikio. Umekwishaingia katika mashindano ya UMITASHUMTA, na hilo ni la kupongezwa. Hata hivyo, mashindano ni ya wachache waliochaguliwa, ilhali kipindi cha darasani ni cha wote.

Kwa mantiki hiyo, hatuhitaji mwenye uzamili katika kila shule. Kagera ina halmashauri 8. Wahitimu wanane wa stashahada ya uzamili, mmoja kwa kila halmashauri, pamoja na wakufunzi wawili katika Chuo cha Ualimu Katoke, Muleba, wangetosha kuanzia. Mkufunzi mmoja wa Katoke hugusa kila mwalimu anayehitimu hapo.

Mafunzo hayo yatolewe wakati wa likizo, kwa walimu walioko kazini, ili darasa lisibaki tupu. Mazoezi ya vitendo yafanyike Mugeza, isiwe kwenye karatasi. Na mhitimu afungwe na mkataba wa kuutumikia mkoa kwa miaka kadhaa, maana tumezoea kuona mwalimu akisomeshwa na kijiji na kuhamia mjini.

Vyuo vikuu hupanga kozi kwa kusikiliza wanaozihitaji. Viongozi wa Kagera, wazazi na vyama vya watu wenye ulemavu wasisubiri kuulizwa. Wapeleke ombi hili wao wenyewe. Vinginevyo kampasi itasimama Itahwa, mtaala mpya utaendelea kufundishwa, na kilomita chache kutoka hapo mtoto atakuwa bado amekaa chini ya mti akilinda nguo za wenzake.