Stika ya i7 Si Hati ya Ubora

Ndugu msomaji, ikiwa unajiandaa kuingia chuo kikuu, au u mzazi wa anayejiandaa, acha kidogo kutazama wembamba wa mashine na mng'aro wa mfuniko wake, tuzungumze kuhusu fedha yako. Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, maduka ya katikati ya Kampala hufurika wanafunzi watafutao kompyuta mpakato, na swali lolote waulizalo hujibiwa kwa maneno matatu: "Hii ni i7." Mteja akiyasikia hunyamaza, hulipa, huondoka. Maneno hayo, yakisemwa peke yake, hayana maana yoyote, na muuzaji ayatumiaye kama jibu anategemea ujinga wako ili apate riziki yake.

Nitaeleza kwa nini. Alama ya i7 huonyesha cheo cha prosesa ya Intel miongoni mwa wenzake wa kizazi kimoja. Haikwambii ni kizazi kipi. Umri wa prosesa umo katika tarakimu zifuatazo kistari. Prosesa iitwayo i7-7600U ni ya kizazi cha 7 na ina viini 2 tu. Ile iitwayo i5-8250U, ambayo kwa cheo ni ya chini, ni ya kizazi cha 8 na ina viini 4. Anayelipia zaidi kwa sababu ya stika ya i7 hapo amelipia jina. Kuna jambo zito kuliko hilo. Microsoft ilisitisha matunzo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na katika prosesa hizo mbili, ya pili ndiyo iliyomo katika orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Ofisi nyingi za ng'ambo zimelazimika kuziondoa mashine zisizokubaliwa. Unadhani zinatafutiwa soko wapi?

Sisemi usinunue mtumba. Kinyume chake, kwa mwanafunzi wa kipato cha kawaida, mtumba uliotengenezwa kwa ajili ya ofisi ni afadhali kuliko mashine mpya ya bei ya chini. Hizo mpya za bei ya chini mara nyingi huwa na memori ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64, na vyote viwili vimelehemewa kwenye bodi. Baada ya miezi michache masasisho ya mfumo huijaza hifadhi hiyo, na hakuna fundi awezaye kukuongezea kitu. Linganisha na ThinkPad T480 ya Lenovo au EliteBook 840 G5 ya HP, mashine za mwaka 2018: zote mbili zina nafasi 2 za memori. Waweza kununua ikiwa na GB 8 mwaka wa kwanza, ukaongeza nyingine 8 mwaka wa tatu utakapoanza kuchakata takwimu za utafiti wako. Lakini uwe macho, maana herufi moja hubadilisha mambo: T480s, ndugu yake mwembamba, ina sehemu ya memori iliyolehemewa na nafasi 1 tu ya kuongeza.

(Neno mpakato latokana na kupakata, kama mama apakatavyo mtoto. Kitu unachokipakata miaka minne ni haki ukijue kina nini tumboni.)

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa kuwa nimelisikia kwa wazazi na hata kwa walimu wenzangu: "Maskini hachagui, anunue anachoweza, kompyuta ni kompyuta." Hoja hii huvaa joho la huruma, na ndiyo inayomfukarisha maskini. Tuseme familia imenunua mashine ya shilingi 700,000, ikadumu mwaka mmoja na nusu, ikalazimika kununua nyingine ya bei ileile. Imetumia 1,400,000 na mtoto bado hajahitimu. Jirani aliyengoja muhula mmoja, akajibana akanunua ya 1,200,000 iliyodumu kozi nzima, ametumia pungufu. Tajiri akikosea kununua, hununua tena. Asiye na kitu ndiye asiyemudu kukosea, kwa hiyo ndiye apasaye kuchagua kwa ukali kuliko wote.

Na huo ukali hauhitaji shahada. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe mashine bila chaja. Akisema betri "imeisha kidogo tu", andika amri powercfg /batteryreport, nayo Windows itakuandikia uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa cha sasa ni nusu ya cha awali, sema hivyo na bei ishuke. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia mtihani, nusu hiyo ndiyo utakayoililia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, na kwa kawaida utaona aina ya prosesa, kiasi cha memori na nafasi zilizotumika. Hakikisha diski ni ya SSD. Fungua na ufunge mfuniko mara kadhaa uzisikilize bawaba. Muuzaji akikasirika kwa haya, nenda duka la pili.

Sasa nije kwenye uraia, maana si soko tu lenye lawama. Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, na kwa mujibu wake bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Ni ngao nzuri, ila haina kazi pale maelezo yalipobaki hewani. Risiti iliyoandikwa "laptop 1" haimfungi muuzaji kwa lolote. Huko Ufaransa, tangu 2021, kompyuta mpakato mpya huuzwa ikiwa na alama juu ya 10 inayomwonyesha mnunuzi urahisi wa kuitengeneza. Kwetu, wabunge wanaopenda kuwahutubia vijana kuhusu uchumi wa kidijitali wanaweza kuulizwa kwa nini mnunuzi wa hapa asiambiwe hata kama memori imelehemewa. Vyuo navyo vijibu: barua ya kumtaka mwanafunzi aje na "kompyuta nzuri", bila kutaja kizazi cha prosesa wala kiasi cha memori, inamkabidhi mtoto wa watu kwa wachuuzi.

Mpaka Bunge litakapoamka, sheria ya 2017 inatosha kuanzia. Ukifika dukani, dai risiti yako iandikwe jina kamili la modeli, namba nzima ya prosesa pamoja na tarakimu zake zote, kiasi cha memori na nafasi zilizobaki wazi, aina na ukubwa wa diski, hali ya betri kama ulivyoipima, na muda wa dhamana. Chini yake muuzaji aweke sahihi na muhuri wa duka. Piga picha karatasi hiyo palepale kaunta, kwa kuwa wino wa risiti nyingi hufifia mapema kuliko dhamana yenyewe.