Kumchagua Msambazaji wa Masomo ya Intaneti

Vyuo vinavyotoa masomo kwa njia ya intaneti huuliza kwanza bei ya msambazaji. Kwa maoni yetu, yafaa kuuliza kwanza ghala lake la karibu liko wapi. Kazi yake ni kuweka nakala za masomo katika kompyuta zilizo karibu na wanafunzi, ili filamu ya somo isivuke bahari kila ifunguliwapo. Nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika tarehe 12 Mei, 2024, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Nakala iliyokwisha kuwekwa Dar es Salaam ingeweza kumfikia mwanachuo wa Tabora bila kuzitegemea.

Zito zaidi, kwetu sisi walimu, ni suala la kusahihisha. Mkufunzi akirekebisha kosa katika kanuni ya hesabu, nakala yenye kosa huweza kuendelea kusomwa kutoka ghalani mpaka muda wake uishe au ifutwe kwa amri. Ni nani mwenye amri hiyo, nayo hutekelezwa baada ya dakika ngapi? Mkataba na ueleze. Mara nyingi ruhusa huachiwa fundi mmoja tu, naye huenda likizo!

Umaarufu nao si dhamana. Tarehe 8 Juni, 2021, hitilafu katika programu ya Fastly, iliyoamshwa na mteja mmoja aliyebadili mpangilio wake kihalali, ilizima tovuti nyingi duniani kwa karibu saa nzima. Kwa hiyo nakala asilia zibaki chuoni, na wanachuo waelezwe njia ya kuzifikia moja kwa moja kabla ya wiki ya mitihani.